Historia ya Bartholomayo Mchopa, Mpaka Vanishi Aliyesemwa Kuzuia Mvua

Baba Padri, wazee wetu, akina mama na akina baba, ndugu mliotoka Masasi, Nanganga na Tandahimba, na ninyi majirani mliosimama kule nyuma karibu na njia kama watu wanaongoja lori, nawaamkia nyote, wanaostahili shikamoo yangu waipokee. Mimi ni Ethel Cuthbert Mchopa, dada mkubwa wa marehemu, wengine mnaniita Mama Mabel, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu nilisoma shule ya wasichana ya misheni, na kwa sababu, walivyosema wenyewe, mimi si mtu rahisi kudanganywa. Ni kweli. Mama yetu alikuwa akisema nilipozaliwa nilimtazama mkunga kwa jicho la pembeni, na tangu siku hiyo sijaona sababu ya kuacha. Chai mmekwisha kunywa, nimeona, na Mzee Sadallah nimemwona akirudi kwa kikombe cha pili, kwa hiyo naamini mna nguvu za kunisikiliza.

Kabla sijaanza niseme jambo moja ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelitamka kwa sauti. Jumatatu ya wiki hii, marehemu akiwa bado anapumua ndani, baadhi yenu mlikuja uani mkiongozwa na huyo Mzee Sadallah, mkamwambia wifi yangu Bibiana, Mama Getrude, kwamba mumewe akishazikwa kibanda chake cha kazi kichomwe moto, na yeye na wanawe wafunge mizigo warudi kwao Tandahimba, kwa kuwa marehemu, mlisema, ndiye aliyekuwa akizuia mvua isinyeshe huku kwetu. Mlidhani mnasema na mwanamke mpweke. Mimi nilikuwa jikoni, nimeketi juu ya kinu kilicholazwa, nikasikia kila neno. Mlitaka jibu la ukoo, mkaambiwa mtalipata siku ya mazishi, basi liko mwisho wa karatasi hii, na anayelitaka asiondoke mapema.

Marehemu Bartholomayo Cuthbert Mchopa alizaliwa tarehe 24 Agosti 1915, Mkomaindo, Masasi, siku ya Mtakatifu Bartholomayo, ndiko lilikotoka jina lake, akiwa mtoto wa tatu wa Mwalimu Cuthbert Mchopa na mama yetu Dominika, wa kwanza akiwa amefariki mchanga, na wa pili akiwa mimi. Ulikuwa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, Wazungu wa misheni walikuwa wamepelekwa kizuizini, kwa hiyo alibatizwa na padri wetu Mwafrika, Jumapili tarehe 3 Oktoba mwaka huo, na inasemekana alipomwagiwa maji hakulia, alifumba macho akatulia. Nalisema hili mapema, mimi mwenyewe, ili asitokee mtu baadaye akalisema kwa namna yake.

Alianza shule ya misheni hapo Masasi mwezi wa Januari 1924, akamaliza Desemba 1930, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, alikuwa mtoto wa kimya aliyependa kukwangua ubao wake wa kuandikia kwa kipande cha chupa, pale kwenye fremu, mpaka mbao inakuwa laini kama kucha, na mwalimu wake alimchapa kwa ajili hiyo, na mwalimu huyo alikuwa baba yetu. Mwaka 1932 akaomba kwenda Ndanda kujifunza useremala katika karakana ya misheni ya Wakatoliki. Sisi ni Waanglikana wa tangu babu, mnaelewa wenyewe, Baba hakulala vizuri, alishuku kwamba mtoto atarudi na rozari mfukoni, basi kila mwaka kabla ya Krismasi alinituma mimi nipande Ndanda nimpelekee ndugu yangu karanga na, nikiwa huko, nikague chini ya mto wake. Nilikagua. Nilikuta vipande vya mbao, vya mninga, vya mvule, vya msaji, kila kimoja kimepigwa msasa na kupakwa rangi tofauti, amevipanga kama mtu anavyopanga picha za ndugu zake, na nilirudi kwa Baba nikamwambia dini ya mtoto wako ni mbao. Alimaliza mafunzo tarehe 29 Novemba 1935.

Tarehe 2 Machi 1936 aliajiriwa Lindi na Fundi Abdulkadiri, mtengeneza mashua, ambaye ndugu zetu wa pwani wanamfahamu, naye Mungu amweke salama maana ameshindwa kuja kwa ajili ya miguu, lakini ametuma sanda na salamu. Kwa Abdulkadiri alijifunza yale ambayo Ndanda hawakuwa nayo, kuchemsha magome ya mkoko mpaka yatoe rangi nyekundu ya kunyweshea mbao, kujua mbao iliyoshiba na mbao yenye kiu, kusikia kwa kidole mahali ambapo jicho linadanganywa. Alikaa huko miaka kumi na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuniambia habari moja mbaya kuhusu watu wa Lindi, jambo lililonifanya niwashuku sana watu wa Lindi.

Alifunga ndoa takatifu na Bibiana Marko, binti wa Tandahimba, siku ya Jumamosi tarehe 18 Oktoba 1941, katika kanisa la Newala. Sitaficha mbele ya Baba Padri kwamba wifi huyu nilimtazama kwa mashaka tangu alipoingia kanisani, alikuwa anacheka peke yake, bibi harusi wa kwetu hacheki, huinamisha kichwa, na nilipomwuliza baadaye alikuwa anacheka nini alinijibu, "Wifi, nilikuwa nafurahi." Jibu kama hilo lingemridhisha mtu mwingine. Mungu aliwajalia watoto watatu, Getrude aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1943, Nikolao tarehe 30 Mei 1946, na Emilia tarehe 17 Novemba 1950, nao wote wako hapa mbele yenu, watazameni vizuri, hao ndio mliotaka waondoke.

Bandari ya Mtwara ilipoanza kujengwa, Wazungu wakaja na mashua zao za injini, na tarehe 11 Aprili 1949 marehemu akaajiriwa Mtwara katika karakana ya Mzungu mmoja, kazi yake ikiwa moja tu, kupaka vanishi zile sehemu za mashua ambazo mwenyewe hataki zifichwe kwa rangi, reli za pembeni, fremu za madirisha, milango midogo, gurudumu la usukani. Nilimtembelea huko mwaka 1951. Alinishika mkono akanipeleka gatini kunionyesha mashua aliyoimaliza, na reli yake ilikuwa inang'aa hata niliona kilemba changu ndani yake, nikamwuliza, achimwene, ndugu yangu, kuna maana gani kukipamba kitu ambacho kesho kitamwagiwa maji ya chumvi. Akasema, "Dada, huku si kupamba. Mbao ikipakwa hivi, maji yakija yanateleza yanakwenda zake, mbao haiozi." Mimi nilidhani ananidanganya ili nimsifu. Hata hivyo neno lile lilinikaa, na mtaona kwa nini.

Tatizo la Mtwara lilikuwa hewa. Unyevu wa bahari ukiingia kwenye vanishi kabla haijakauka, mbao inapauka, inafanya ukungu mweupe, na fundi hana la kufanya ila kuikwangua yote aanze upya. Marehemu akamshauri bwana wake kwamba mbao zifunguliwe kwenye mashua, ziletwe huku juu kwa malori ya wanunuzi wa korosho, zikaushwe katika hewa ya Newala, zikimalizika zirudi pwani, na Mzungu akakubali, akatoa na mabati ya kuezekea kibanda. Ndivyo marehemu alivyohamia katika kitongoji hiki na familia yake tarehe 14 Juni 1953, na Mzee Sadallah ndiye aliyempa kiwanja, hilo nalisema kwa shukrani. Nilimwuliza marehemu kwa nini mtu ampe mgeni kiwanja kizuri hivyo karibu na njia. Akasema, "Kwa sababu nilimsalimia vizuri, dada." Mnaona alivyokuwa.

Hapa sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo yalipoanzia maneno. Newala hakuna chumvi hewani, lakini kuna vumbi, na chembe moja ya vumbi ikitua kwenye vanishi mbichi inabaki pale milele kama chunusi. Kwa hiyo siku ya kupaka, marehemu alitoka kwanza nje asubuhi akatazama mbingu, kwa sababu siku ya mvua hewa inajaa unyevu na kazi inaharibika, akasema, "Isinyeshe leo, Mungu wangu." Kisha alikataza uwanja usifagiliwe mpaka jioni, akafunga kuku, akavua shati akaliacha nje kwa sababu nyuzi za nguo hudondoka, akajifunga shuka moja lililoloweshwa maji, akaingia kibandani, akachukua maji akainyunyizia sakafu yote ili vumbi lilale, akafunga milango yote miwili kwa ndani, na asiruhusiwe mtu kuingia, hata mkewe, mpaka mkono ule wa vanishi, yaani mpako mmoja, ukauke.

Haya, sasa mtu mzima anakaa jirani na nyumba hiyo. Bomba la serikali limefika mjini Newala, huku kwetu halijafika, kila debe la maji linatoka bondeni, linapanda genge la mlima kichwani kwa mwanamke, na tunajua sote kwamba huku maji ya kunawia uso ndiyo yanayooshea miguu, na yakishaosha miguu yanapewa mgomba. Halafu kuna mwanamume anayetazama mbingu mwezi wa Novemba, watu wameshaandaa mashamba, akaomba isinyeshe, asiyetaka uwanja wake ufagiliwe, anayejifungia nusu uchi, akamwaga maji mazuri ya kunywa chini. Mimi nakiri kwenu kwamba kama ningekuwa jirani yake ningehama. Sikuwahi kuwalaumu kwa kushuku, kushuku ni haki ya mtu, ninawalaumu kwa kushuku halafu mkaacha kuuliza, maana mimi nikishuku nauliza mpaka nichokwe.

Niliuliza hivi. Nilifika hapa tarehe 25 Novemba, baada ya kusikia Masasi kwamba hali yake ni mbaya, nikataka kujua kwanza ni nani aliyetoa nje habari za ndani, maana milango ilikuwa inafungwa, na aliyejua kwamba maji yanamwagwa sakafuni alikuwa mtu mmoja tu, yule aliyekuwa anayabeba. Nikamkalisha wifi jikoni. Hakubisha. Alisema, "Nililalamika, wifi. Njiani, tukipanda genge, na Mama Fatu. Nilisema mimi navunjika shingo kwa debe hili na Baba Getrude atalimwaga chini. Kila mke hulalamika." Basi Mama Fatu akampelekea mwingine, na mwingine akampelekea mwingine, na Mama Fatu mwenyewe, ambaye namwona pale amejifunika kanga mpaka puani, akakumbuka kwamba aliwahi kupita asubuhi akamsikia akisema isinyeshe, na mvua za mwaka 1955 zikachelewa, na za mwaka jana zikachelewa, na za mwaka huu hazikuja kabisa Novemba yote, na lalamiko la mke aliyechoka likawa uchawi wa mume. Nilimwuliza wifi kama marehemu alijua kwamba yeye ndiye chanzo. Akasema alijua, alimwambia mwenyewe akilia, na marehemu hakugomba, alimwuliza tu debe moja linachukua muda gani kupanda, kisha akaenda kibandani.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 1955 kwa kikohozi, akakidharau kama wanaume wanavyodharau, mpaka tarehe 6 Juni mwaka huu alipopelekwa hospitali ya Ndanda akalazwa wiki sita. Niliwauliza wauguzi kama amekula kitu, nilimwuliza daktari kama hii si sumu, nilimwuliza tena siku iliyofuata kwa namna nyingine, na daktari akanieleza kwa uvumilivu mkubwa kwamba ni vumbi la mbao, hasa la mvule, na harufu kali za dawa za kazi yake, vimekaa kifuani miaka yote ile na kifua hakikuweza tena. Hata hivyo tangu nilipofika hapa uji wake niliupika mimi mwenyewe, na wifi aliona. Aliporudishwa nyumbani Julai aliambiwa asiguse msasa tena. Alikubali mbele ya daktari. Lakini ninyi majirani mlimwona, na hapa hamkusema uongo, alikuwa anajikokota mpaka kibandani, anajifungia, na siku hizo hakukuwa na lori lililoleta mbao kutoka Mtwara, bwana wake alikwisha kumpa mapumziko. Mlichungulia kwenye tundu la ukuta mkaona kitu kirefu kimefunikwa shuka. Mkaona pia vyuma vilivyopinda ambavyo mtu mgonjwa alikuwa amepanda ngazi kuvipigilia chini ya ukingo wa bati, mstari mzima, mkasema hizo ndizo hirizi zenyewe, na kile kirefu ndimo mvua ilimofungiwa.

Mimi pia nilikiona kile kitu. Niseme ukweli, nilidhani ameshaanza kujichongea jeneza, nikamwuliza, na yeye, na pumzi zile alizokuwa nazo, akacheka kidogo akasema, "Bado mkono mmoja, dada. Isinyeshe kwanza."

Alifariki jana Alhamisi, tarehe 5 Desemba 1957, saa nne asubuhi, kitandani kwake, Mama Getrude amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Aliaga akiwa na miaka arobaini na miwili. Alikuwa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni kutoka Mkomaindo mpaka kanisani akiwa na surua, na nilitaka kuondoka mimi kwanza, nalisema hivi hivi bila kulipamba.

Ilipofika mchana ikatakiwa mbao za jeneza. Mwalimu Filemoni wa kanisa akaja na msumeno, nikafungua kibanda mimi, tukaingia mimi, yeye na wifi, tukaondoa lile shuka. Ndani hamkuwa na mvua. Zilikuwa mbao za mvule, ndefu, zimeunganishwa mbili mbili kama kitabu kilichofunguliwa nusu, zimenyweshwa rangi, zimepakwa vanishi ndani na nje, mkono juu ya mkono, mpaka Mwalimu Filemoni alivua kofia yake. Hatukujua ni nini. Mwalimu akasema hizi zinatosha jeneza, akaweka msumeno, na wifi yangu akaushika ule msumeno kwa mikono yake akasema hapana. Jamani, mimi niliyemshuku mwanamke huyu tangu siku ya harusi, mnajua nilifikiri nini, mke gani anamnyima mumewe mbao za jeneza, nikafikiri sasa nimekupata. Nilimwambia hivyo hivyo. Alinishika mkono akanitoa nje, akanielekeza juu, kwenye vile vyuma chini ya bati, akasema, "Wifi, tazama, vinalingana." Halafu akaketi chini kwenye vumbi akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ulikuwa mfereji. Mfereji wa mbao wa kupokea maji ya bati na kuyapeleka kwenye pipa, umetengenezwa kama reli ya mashua ili usioze, na mtu aliyekatazwa msasa, ili mkewe asipande genge. Alikuwa anangoja mkono wa mwisho ukauke, ndiyo maana aliomba mvua isubiri, na mkono ulikauka. Tukautundika sisi watatu jana alasiri, ukaingia kwenye vile vyuma bila kugongwa hata nyundo. Jeneza mnaloliona hapa Mwalimu Filemoni alilitengeneza kwa milango miwili ya kibanda, ile ile mliyokuwa mnaisogelea kusikiliza, kwa hiyo kibanda sasa hakina mlango, na yeyote mwenye shuku zake aingie, atazame, aguse.

Mvua ilianza jana hiyo hiyo saa kumi na moja jioni. Najua mnalosema, kwamba amekufa na mvua ikanyesha siku ile ile, nimewaona mkitazamana, na wengine wenu mmechelewa leo kwa sababu mlikuwa mnapanda mahindi. Mimi sijui kwa nini ilinyesha jana. Ninajua kwamba mfereji ulikuwa tayari.

Kwa niaba ya ukoo natoa shukrani kwa daktari na wauguzi wa Ndanda, waliojibu maswali yangu yote, hata yale ya kurudia, kwa bwana wake wa Mtwara na mafundi wenzake, waliomtuma dereva na salamu za rambirambi, kwa Fundi Abdulkadiri, kwa Baba Padri na Mwalimu Filemoni, na kwa vijana waliochimba kaburi kwenye matope huku jicho moja likiwa mawinguni. Nanyi majirani nawashukuru. Desturi yetu ni kwamba msiba ukitokea wanawake wa jirani hubeba ndoo wakashuka bondeni kabla hawajaitwa, na jana nilisimama njiani kuwangoja, sikumwona hata mmoja. Mlipofika leo mkakuta marehemu ameoshwa, sufuria ziko motoni, chai imeiva, na hakuna aliyeuliza maji yametoka wapi. Mimi ningeuliza.

Yametoka kwenye mfereji wake. Ya kwanza tulimwoshea yeye, na yaliyofuata ndiyo chai mliyokunywa, Mzee Sadallah vikombe viwili, na nimemsikia kwa masikio yangu akisema chai ya leo ni tamu, haina ladha ya udongo. Kwa hiyo kila aliyesema mtu huyu aliizuia mvua, sasa hivi anayo mvua yake tumboni.

Jibu la ukoo ni hili. Kibanda hakichomwi, na Mama Getrude na wanawe hawaendi Tandahimba wala Masasi, wanakaa hapa, kwenye nyumba yao, na anayetaka kuwatoa aje kwangu, aje mchana. Wifi yangu ameniomba niongeze neno moja ambalo mimi sikulikubali, nilimkatalia jana na nimemkatalia tena leo asubuhi, anasema pipa likijaa, mwanamke yeyote wa kitongoji hiki aje na ndoo yake achote. Nilimwuliza, hata Mama Fatu? Akasema, "Wifi, mimi lile genge nalijua."

Bartholomayo, achimwene wangu, kazi yako imekauka vizuri, nimeipitisha kidole mwenyewe na sikupata chembe ya vumbi, nawe unajua mimi hutafuta. Hakuna tena mkono unaongoja jua. Ulale kwa amani, na leo inyeshe.